Likizo kwa Boti: Ya Kuangaliwa Kabla Kamba Haijafunguliwa



Mwisho wa mwaka ukikaribia na karatasi za likizo zikishatiwa sahihi, wengi wetu safari yetu hupita majini. Mfanyakazi wa mashamba ya michikichi katika kisiwa cha Bugala, huko Kalangala nchini Uganda, hawezi kumfikia mzazi wake Masaka mpaka avuke. Anayepasua sangara kiwandani Mwanza na kwao ni Ukerewe, vivyo hivyo. Pwani ya ziwa Tanganyika viko vijiji ambavyo havijapata kuona basi. Huko boti ndiyo basi, ndiyo lori, na mgonjwa akizidiwa usiku ndiyo gari la hospitali.

Tena siku hizi yako matawi yenye desturi ya kuchanga fedha na kukodi boti siku ya sikukuu, wake kwa waume pamoja na watoto, kwenda kisiwani kula, kucheza mpira na kupunga upepo. Sisi twaipenda desturi hiyo. Mtu aliyesimama mwaka mzima mbele ya mashine, au aliyeinama mwaka mzima kwenye mistari ya chai, ana haki ya siku moja ya kuyatazama maji bila kusikia honi ya zamu.

Somo hili halikuandikwa kuwatisha watu ziwa. Limeandikwa kwa sababu misiba mikubwa ya maziwa yetu, tukiichunguza mmoja mmoja, mingi ilianzia gatini, boti ikiwa bado imefungwa kamba, na mtu angeweza kuiona kwa macho yake kama angejua pa kutazama.

Uzito

Tuanze na uzito, maana hapo ndipo ndugu zetu wengi wamepotea.

Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba, ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ilipinduka asubuhi ikiwa imekaribia mwisho wa safari. Ilikuwa na ruhusa ya kubeba abiria 430. Waliokufa wanahesabiwa kuwa zaidi ya 800. Idadi kamili ni ngumu kuipata, kwa kuwa majina yaliandikwa ya abiria wa daraja la kwanza na la pili. Wa daraja la tatu, yaani watu wa mfuko kama wetu, hawakuwa na orodha.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, siku ambayo watu walikuwa wametoka gulioni Bugolora. Ruhusa yake ilikuwa abiria 101. Walikufa watu 228. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti MV Merdi, ikitoka Minova, ilizama katika ziwa Kivu mbele ya bandari ndogo ya Kituku, Goma, watu wakiitazama kutoka ufukoni. Iliundwa kwa abiria wapatao 80 na ilikuwa imepakia zaidi ya 200. Barabara ya Minova kwenda Goma ilikuwa imekatwa na vita, kwa hiyo waliokuwa wakienda sokoni kwa gari walibanana botini.

Vyombo vyote vitatu vilikuwa vimekaribia mwisho wa safari. Hatusemi kwamba sababu ilikuwa moja kwa vyote, lakini jambo hili latufaa kulifikiri. Gati likionekana, watu husimama. Huyu anatafuta mtoto, yule anajitwisha kapu, wote wanasogea upande wa kushukia ili wasichelewe. Hata boti iliyostahimili mawimbi saa tatu nzima inaweza kushindwa na dakika hiyo moja.

Kwa nini? Boti ikiinama kushoto, ubavu wa kushoto hushuka majini, na maji huusukuma kurudi juu. Nguvu hiyo ndiyo inayoinyoosha. Sasa ukiijaza mpaka ukingo ukabaki vidole vichache juu ya maji, ubavu hauna tena nafasi ya kushuka. Ikiinama kidogo tu, maji yanamwagika ndani. Na maji yaliyokwisha kuingia hayatulii mahali pamoja, bali hukimbilia upande ule ule ulioinama na kuuongezea uzito. Ndiyo maana walionusurika wengi husema boti ilipinduka ghafla.

Aliyepata kupakia trela la miwa anaelewa bila mwalimu. Mzigo ukiwa chini, trela linapita shimoni salama. Mzigo uleule ukirundikwa juu, trela linalala ubavu kwenye kona. Watu wanaosimama botini, na zaidi wale wanaopanda juu ya paa, ni mzigo uliorundikwa juu. Watu 40 wa kilo 60 kila mmoja ni kilo 2,400. Kumi wakihamia upande mmoja kwa pamoja, zimehama kilo 600, sawasawa na magunia sita ya kilo mia mia. Na gunia lina heri, kwa sababu halinyanyuki kwenda kuangalia kiboko upande wa pili.

Mambo haya ya uzito yana historia ndefu kwa wafanyakazi. Katika Uingereza ya karne ya 19 wako wenye meli waliozijaza kupita kiasi, meli zenyewe kuukuu, huku wamezikatia bima. Ikifika, faida. Ikizama, bima italipa. Mabaharia waliita meli hizo majeneza. Baharia aliyekwisha kutia sahihi mkataba kisha akaiona meli na kukataa kupanda, alipelekwa jela. Mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, alipiga kelele miaka mingi pamoja na vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1876 ikapitishwa sheria kwamba kila meli ichorwe mstari ubavuni wa kuonyesha mwisho wa kushuka majini. Lakini sheria ile ilimwachia mwenye meli achague mwenyewe pa kuuchora! Ilichukua mpaka mwaka 1890 ndipo serikali ikamnyang'anya brashi ile ya rangi. Mstari huo mpaka leo unaitwa kwa jina la Plimsoll, na mkisimama kwenye bandari yoyote kubwa mtauona, duara lililokatwa na mstari katikati. Mstari ukiwa chini ya maji, meli imezidishiwa.

Kukagua boti

Boti zetu nyingi za mbao hazina mstari wa Plimsoll. Basi sisi tunatumia mkono. Watu wote wakishakaa na mizigo ikishaingia, mmoja wenu ainame apime kutoka maji hadi ukingo, mahali ukingo ulipo chini zaidi. Kwa boti ya kubeba watu thelathini au arobaini tunataka tuone si chini ya dhiraa moja, yaani toka kiwiko mpaka ncha ya kidole kirefu. Ikipungua, mtu ashuke au mzigo ushuke. Anaanza mzigo.

Lakini mwenye busara haendi kupima siku ya safari, watoto wakiwa wamekwisha kuvaa nguo mpya. Kamati itume watu wawili siku moja kabla. Mmoja wao awe fundi wa karakana, maana hao hawadanganyiki na rangi mpya. Wainue mbao za sakafuni waangalie maji yaliyo chini. Kila boti ya mbao hunywa maji kidogo, hilo lisiwatishe. Wayakumbe yote, wakae saa moja wakipiga soga na mwenye boti, kisha waangalie yamerudi kiasi gani. Waguse misumari, kwani iliyooza huacha doa la kutu linalochuruzika. Wachungulie kalafati kwenye maungio ya mbao. Waulize boti ina kibali gani na kibali kinataja watu wangapi, na wakione kwa macho, wasikubali kuambiwa kiko nyumbani.

Mafuta wayahesabu hivi: theluthi moja ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya shida. Kuwe na makasia mawili hata kama injini ni mpya kabisa. Kuwe na nanga na kamba yake, ndoo mbili za kukumbia maji, plagi ya akiba na spana ya kuifungulia, tochi, na filimbi. Petroli isikae karibu na jiko la mkaa la kukaangia mihogo, na anayevuta sigara angoje afike kisiwani.

Majaketi ya kujiokoa yanataka maneno marefu kidogo. Mwenye boti akiwaambia yapo, ombeni myahesabu. Yawe sawa na idadi ya watu, na kwa watoto yawe ya watoto. Jaketi la mtu mzima humvuka mtoto juu ya kichwa akadumbukia chini yake. Namna ya kulijaribu ni hii: mvalishe, funga kamba zote, kisha mwenzako alishike mabegani na kulivuta juu. Likipanda mpaka masikioni, halifai kwa mtu yule. Yako majaketi ambayo yamefanywa mito ya kukalia miaka mitano mpaka sifongo la ndani limekuwa unga. Hayo ni mapambo. Tena jaketi lililofungiwa chini ya turubai halimwokoi mtu, kwa sababu boti ikipinduka hakuna nafasi ya kugawana. Livaliwe kamba ikiwa bado imefungwa, na livuliwe miguu ikishakanyaga mchanga. Tunajua lina joto. Tunajua linaficha kitenge kipya.

Kukataa kwa pamoja

Hapa tunafika mahali ambapo elimu ya chama inatusaidia kuliko elimu ya boti.

Mtu mmoja akisimama gatini na kusema, "Boti hii imejaa, sipandi," anachekwa. Anaitwa mwoga, anaitwa mtu wa bara, na boti inaondoka na nauli yake ndani. Watu thelathini wakisema neno lilelile, mwenye boti anavuta kiti akae mzungumze. Jambo hili tunalijua tangu kiwandani.

Tuliwahi kuwa na wafanyakazi wa tawi moja kwenye mwalo wa upande wa Uganda. Boti ilikodiwa kwa watu 30. Wakaja 46, maana kila mtu alileta shemeji. Mwenye boti akasema hakuna shida, ziwa leo ni kama sahani, na nahodha ni mtoto wa maji. Wanaume wakaanza kupanda. Akina mama wa idara ya kufungasha hawakubishana na mtu. Walikaa juu ya masufuria na vikapu vyao pale mchangani, na chakula chote kilikuwa humo. Mwenye kiti wa tawi akamwendea nahodha kwa adabu: "Mzee, shikamoo. Tunaomba safari mbili. Petroli ya mara ya pili tutachanga." Mwenye boti akanung'unika, akakubali. Kundi la pili lilifika kisiwani saa saba, wali ukachelewa, mechi ikachezwa jua likiwa kali. Malalamiko yalikuwa mengi siku ile, na sisi tulifurahi kuwasikia wote 46 wakilalamika jioni walipokuwa wakishuka.

Kwa hiyo kamati iamue mapema, kwa kikao, idadi ya watu na nani mwenye neno la mwisho. Mtu huyo asiwe aliyekusanya michango, maana huyo moyo wake uko kwenye fedha iliyokwisha kulipwa. Nahodha aheshimiwe. Wengi wao wanalijua ziwa kuliko vitabu, nao pia ni vibarua wa mtu mwingine, wanaogopa kufukuzwa. Mkimwomba mbele ya tajiri wake apunguze watu, mara nyingine mtaona usoni kwamba mmemsaidia.

Juu ya pombe. Tarehe 25 Desemba 2016, siku ya Krismasi, wachezaji wa mpira wa kijiji kimoja cha Buliisa na washangiliaji wao walikuwa wakivuka ziwa Albert kwenda mechi ya kirafiki huko Hoima. Watu wapatao 30 walikufa. Polisi walisema hali ya hewa ilikuwa nzuri, ila watu walielemea upande mmoja wakisherehekea. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe MV Templar ilizama ziwa Victoria upande wa Mukono, ikiwa na watu wengi kuliko kiasi chake na bila leseni. Zaidi ya 30 walikufa, na iliripotiwa kwamba wengi hawakuvaa majaketi. Hatuna nia ya kuwahukumu marehemu. Tunasema tu kwamba bia na ngoma vina mahali pake, na mahali hapo ni kisiwani, saa za mchana, kwa wale wasioshika usukani. Anayeshika usukani anywe chai.

Njia za majini

Mtu akilitazama ziwa Victoria kutoka mlimani huona uwanja mtupu. Ni kilometa za mraba karibu 69,000. Hata hivyo mwaka 2005 meli mbili kubwa za Uganda, MV Kabalega na MV Kaawa, ziligongana humo, na Kabalega ikazama. Vyombo havitawanyiki ziwani kama kuku uani. Vyote hukutana penye bandari, penye mlango wa ghuba, penye mkondo kati ya visiwa. Hapo zipo meli za mizigo, vivuko, mitumbwi ya mchanga, boti za sangara, na usiku wa giza lisilo na mwezi taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa kama mji.

Ziwa basi lina sheria zake za barabarani. Mkikutana uso kwa uso, kila mmoja ageuze kulia. Hapa ndugu zetu wa Kenya, Uganda na Tanzania wawe macho sana, kwa sababu mkono wa mtu aliyezoea gari au baiskeli humpeleka kushoto mwenyewe. Wa Burundi, Rwanda na Kongo wana nafuu. Njia zikikatizana, anayemwona mwenzake upande wake wa kulia ndiye anayepisha, naye apite nyuma ya mwenzake. Anayempita aliye mbele ajitenge mbali naye.

Usiku, taa nyekundu iko kushoto kwa chombo, ya kijani kulia, nyeupe nyuma. Ukiziona nyekundu na kijani kwa pamoja, chombo kile kinakujia wewe. Honi moja fupi maana yake ni "nageuza kulia", mbili "nageuza kushoto", tatu "narudi nyuma". Mkisikia tano za haraka haraka, mwenye honi ana shaka na mwendo wenu, na mkisikia hizo mwacheni nahodha afanye kazi yake bila kelele.

Zaidi ya sheria hizo kuna meli kubwa, na kwayo msidai haki yoyote. Haina breki. Nahodha wake akizima mashine sasa hivi, itaendelea kwenda mamia ya meta. Tena pua ya meli inamficha asione maji yaliyo karibu mbele yake. Kipimo ni chepesi: kama ninyi hamuyaoni madirisha ya chumba chake, naye hawaoni. Ikishapita, mawimbi yake yatawafikia baadaye kidogo, wakati mmekwisha kuisahau. Mwendo upunguzwe, watu wakae chini, boti iyapokee mawimbi kwa mbele, kwa mshazari kidogo, wala isiyapokee kwa ubavu.

Nyavu za sangara huelea na vipande vya madumu. Mzunguke. Mkinasa, zimeni injini, iinueni, muutoe wavu kwa mikono. Msiukate kwa panga, kwani ule ni mshahara wa mfanyakazi mwingine. Na magugu maji, ambayo tangu yaingie ziwa Victoria yamefunga bandari nyingi kwa nyakati, hujisokota kwenye rafadha, lile panga linalozunguka chini ya injini, mpaka injini ikazimika. Ndipo makasia yale mliyochekwa kwa kuyadai yatakapotafutwa.

Upepo

Wako wanaosema safari ya alfajiri ndiyo salama kuliko zote kwa sababu maji yametulia. Kwa ziwa Victoria hilo lina nusu ya ukweli. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo wa ziwani ukavuma kuelekea ufukoni. Usiku nchi kavu hupoa, upepo hugeuka, nao ukitoka pande zote za ziwa hukutana katikati. Hewa iliyokutana hupanda juu na kujenga mawingu ya radi. Ndiyo sababu dhoruba nyingi za ziwa hilo huzaliwa usiku na kuendelea mpaka asubuhi mapema. Ngojeni jua litoke, tazameni mawingu juu ya maji, ndipo mfungue kamba. Na safari ya kurudi ianze saa tisa alasiri, jua likiwa bado na nguvu, hata kama mechi haijaisha. Kwa ziwa Tanganyika mambo ni mengine. Huko miezi ya Mei mpaka Agosti upepo wa kusini huvuma sana na kuinua mawimbi marefu.

Idara za hali ya hewa za Kenya, Uganda na Tanzania hutoa utabiri wa ziwa. Kamati iutafute jioni ya kuamkia safari. Ukitaja upepo mkali, sikukuu ihamishiwe nchi kavu, mbuzi aliwe shuleni.

Boti ikipinduka

Msiogelee kwenda nchi kavu, hata ikionekana karibu. Boti ya mbao iliyopinduka kwa kawaida bado huelea. Ishikeni, mjipange pande zote mbili, wala msiipande wote mgongoni. Dumu tupu lililofungwa kifuniko humshikilia mtu mzima. Fungeni watu kwa vitenge wasitawanyike, watoto katikati. Maji ya maziwa yetu si ya barafu, lakini mtu akikaa humo usiku kucha joto la mwili humwishia. Kaeni mmekumbatiana, msijichoshe kwa kupiga miguu bure.

Tena msitoboe. MV Bukoba ilipopinduka iliendelea kuelea kwa muda, na watu walisikika wakigonga kutoka ndani. Lilipotobolewa tundu ili watolewe, hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ilitoka, ikazama nao. Na baada ya MV Nyerere kupinduka, mtu mmoja alitolewa akiwa hai baada ya siku mbili, amekaa penye hewa iliyobaki ndani.

Mkiwa ninyi ndio mnaokwenda kuokoa, msiingize boti yenu katikati ya watu. Wataishika ukingo wote upande mmoja na mtakuwa misiba miwili. Simameni mbali kidogo, tupeni kamba na madumu, zimeni injini, pandisheni mmoja mmoja kwa nyuma. Aliyetolewa hapumui msimning'inize miguu juu, wala msimbingirishe juu ya pipa. Mlazeni chali, inueni kidevu, mzibeni pua, mpulizieni pumzi mdomoni mara tano, kisha mkandamize katikati ya kifua mara 30, pumzi mbili, mara 30 tena, mpaka apumue au daktari afike.

Siku za safari

Limebaki jambo ambalo nahodha hawezi kulitengeneza. Mwajiri anaweza.

Kwa nini watu hubanana kwenye boti ya mwisho, jioni, giza likiingia? Mara nyingi ni kwa sababu fedha ya likizo imelipwa saa kumi jioni ya siku ya mwisho, kiwanda kizima kimefunguliwa mlango saa moja, na likizo imeanza kuhesabiwa kesho yake. Mwezi Mei 2019 boti ilizama katika ziwa Mai-Ndombe, Kongo, na wengi wa waliokuwamo walikuwa walimu waliosafiri kwenda kuchukua mishahara yao. Mshahara ungewafuata walimu walipo, wasingekuwamo botini.

Sheria zetu zinataja siku za likizo. Tanzania, kwa sheria ya 2004, ni siku 28. Kenya, kwa sheria ya 2007, ni siku 21 za kazi. Uganda, kwa sheria ya 2006, ni siku 7 kwa kila miezi minne ya kazi. Siku ya njiani kwa anayevuka maji ni jambo la kuzungumzwa mezani, kwenye mkataba wa hali bora. Tunayashauri matawi yaliyo karibu na maziwa yapeleke madai matatu: fedha ya likizo ilipwe siku mbili kabla, idara zifungwe kwa zamu na si zote siku moja, na anayevuka ziwa aongezewe siku ya kwenda na siku ya kurudi zisizokatwa. Mwajiri atauliza gharama. Mwonyesheni ratiba ya boti na hesabu ya wafanyakazi wake wanaokwenda visiwani, ahesabu mwenyewe watu wangapi wanaingia katika boti ngapi.

Na kila safari ya tawi iandikwe orodha mbili za majina yote, na watoto wachanga wamo, pamoja na nambari za simu za ndugu waliobaki nyumbani na saa ya kutazamiwa kurudi. Moja anaishika kiongozi wa msafara, ndani ya mfuko wa nailoni. Ya pili anabaki nayo katibu wa tawi nchi kavu. Saa ikipita na simu haipokewi, asingoje kupambazuke, awapigie polisi. Orodha hii ya pili isipande boti.